Saa Isemayo

Kiswahili kina neno moja kwa mambo matatu ambayo lugha nyingine huyapa majina mbalimbali. Saa ni kipimo cha muda. Saa ni hesabu ya wakati katika siku. Na saa ni chombo kivaliwacho mkononi au kitundikwacho ukutani. Mtu akisema kwamba saa zimekwenda, au saa imefika, au saa imeharibika, msikilizaji hupambanua maana kwa maneno yaliyoandamana nalo, wala hapana atatizwaye. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, lakini hesabu tuliyoliambatanisha nalo inafaa sana nchi zilizo karibu na ikweta, ambako usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima: saa kumi na mbili za nuru na saa kumi na mbili za giza, na saa ya kwanza huhesabiwa baada ya jua kuchomoza na tena baada ya jua kuchwa. Insha hii yataka kueleza yaliyotukia hesabu hiyo ilipokutana na chombo kipya, yaani saa isemayo, iliyofanywa kwa ajili ya wasioona na wenye uoni hafifu. Mfano wangu ni Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, kwa kuwa hapo hesabu mbili za saa zimekaa pamoja kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwa kuwa mji huo umekuwa na jina kubwa katika tiba ya macho tangu hospitali ya KCMC ilipofunguliwa mwaka 1971.

Mtu aonaye, aishiye Marangu, Kibosho au Machame, ana saa kubwa mbele ya macho yake. Asubuhi Kibo hutokeza wazi na theluji yake. Jua likipanda, mawingu hukusanyika juu ya msitu na kuukwea mlima, na mara nyingi kabla ya adhuhuri kilele kimekwisha kufunikwa. Jioni hufunuka tena kwa muda mfupi kabla ya giza kuingia. Saa hiyo haina dakika, na wakati wa masika yaweza kukaa siku nyingi bila ya kuonyesha lolote, lakini imewatosha wakulima wa migomba na kahawa. Ni saa ya macho peke yake. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji hiyo tarehe 11 Mei 1848 na kuipelekea Ulaya habari zake, alibishwa na mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, aliyekataa kusadiki kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na ikweta. Macho hayo yaliyobishwa yalikuja kufa. Rebmann alipoondoka Afrika ya Mashariki mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu kabisa, na mwaka uliofuata alifariki kwao Ujerumani. Nalitaja jambo hili kwa kupita tu, kwa sababu vitabu vyetu vya historia hutueleza sana alichokiona, na havina la kusema juu ya siku zake za kutoona.

Asiyeona alikuwa na saa zake nyingine, nazo zote zilikuwa za masikio na za ngozi. Jogoo na ndege wa alfajiri, joto la jua upande mmoja wa uso, baridi ishukayo kutoka mlimani usiku. Kisha adhana katika misikiti ya mjini, na kengele za makanisa ya Kikatoliki na ya Kilutheri yaliyoanza kujengwa mlimani katika miaka ya 1890. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika Moshi, na mlio wa garimoshi ukaongezeka juu ya sauti hizo, ingawa garimoshi, kama msomaji ajuavyo, si saa ya kutegemewa sana. Sauti hizi zina upungufu mmoja. Ni mali ya watu wote, na hutoka wakati apendao mwenye kuzitoa. Anayeamka katikati ya usiku na kutaka kujua kama umebaki usingizi wa saa moja au wa saa tano hapati jibu kutoka kwenye kengele iliyonyamaza. Ni lazima amwamshe mwingine amwulize, Ni saa ngapi? Swali hilo ni dogo kwa mwenye kuuliza mara moja. Kwa mtu alazimikaye kuuliza kila usiku, mke au mtoto yule yule, si dogo hata kidogo, na wengi huchagua kunyamaza na kungoja jogoo.

Hapo ndipo thamani ya saa isemayo ilipo, nami sitaki yatakayofuata yaipunguze.

Historia ya chombo chenyewe ilianza mbali na huku, na ilianza kwa watu waonao. Mwaka 1687 mafundi wawili wa Uingereza, Edward Barlow na Daniel Quare, walishindana mbele ya mfalme James wa Pili juu ya haki ya kubuni saa ya mfukoni igongayo kengele kila ibonyezwapo, na mfalme akampa ushindi Quare. Saa hizo zilifanywa kwa matajiri walioamka gizani na hawakutaka taabu ya kuwasha mshumaa. Ni jambo la kupendeza kufikiri kwamba giza la usiku, ambalo huwafanya watu wote wawe sawa na wasioona kwa saa chache, ndilo lililowatia mafundi nia ya kwanza. Karibu na mwisho wa karne ya 18, Breguet wa Paris alitengeneza saa ya kupapaswa, yenye mshale upande wa nje na vifundo pembeni, ili mtu aweze kujua wakati akiwa ameiweka saa mfukoni. Baadaye zikaja saa za wasioona hasa, zenye kioo kifungukacho, mikono imara isiyopindwa na kidole, na vitone vilivyoinuka mahali pa tarakimu. Saa za namna hii zingali zikitumiwa, na mwaka 2013 fikra ya Breguet ilirudi kwa sura mpya katika saa iitwayo Bradley, ambayo huonyesha wakati kwa gololi mbili za chuma ziendeshwazo kwa sumaku.

Sauti ya mwanadamu ilikawia kidogo. Karibu na mwaka ule ule wa 1911, reli ilipokuwa ikifika Moshi, Bernhard Hiller wa Berlin alikuwa akitengeneza saa ya mezani iliyotamka wakati kwa utepe wa seluloidi ulionakshiwa sauti. Kama moja ingaliletwa Moshi siku zile, ingalisema Kijerumani. Mwaka 1933 Paris ilianza kuwaambia watu saa kwa simu, na London ikafuata mwaka 1936. Lakini chombo chepesi cha bei ya kadiri hakikuwezekana mpaka vipande vya elektroniki vilipoweza kuhifadhi matamshi bila ya utepe wala sahani. Mwaka 1979 kampuni ya Sharp ya Japani ilitoa saa ya mezani isemayo ya namna hiyo, na katika miaka ya 1980 sauti ikahamia kwenye saa za mkono. Leo saa hizo ni rahisi. Mtu hubonyeza kitufe kimoja, na sauti, aghalabu ya mwanamke, humtajia saa na dakika, na kumwambia kama ni kabla ya adhuhuri au baada yake.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko lionekanavyo. Saa ya kupapaswa haitofautishi usiku na mchana. Mshale ukiwa juu ya kitone cha saba, waweza kuwa ni saba ya asubuhi au ya usiku. Aonaye hachoki kwa hilo, kwani hutazama dirishani. Asiyeona nuru kabisa hana dirisha, na zaidi ya hayo mwili wake wenyewe waweza kumpotosha. Saa ya ndani ya mwili, ituletayo usingizi na kutuamsha, hurekebishwa kila siku na nuru ipitayo machoni. Nuru isipopita, saa hiyo kwa watu wengi huachana na jua kidogo kidogo, siku baada ya siku, hata mtu akapata usingizi mzito adhuhuri na kukesha usiku. Mtu wa namna hiyo akiamka hawezi kuuliza mwili wake kama kumekucha.

Lakini sauti hutamka lugha, na kila lugha ina hesabu yake. Mshale hauna lugha. Kidole cha Mswahili kikiukuta mshale juu ya kitone cha saba, akili yake husoma saa moja, kama macho ya mwenziwe aonaye yanavyosoma saa moja kwenye tarakimu ya saba bila ya kujua kwamba yamefanya hesabu. Tofauti kati ya hesabu ya Kiswahili na ya Kizungu ni saa sita, nayo ni nusu kamili ya duara. Tarakimu tuitakayo huwa siku zote ng'ambo ya pili ya uso wa saa, mkabala na ile iliyoelekewa na mshale. Uso wa saa ni kitabu kimoja kisomwacho kwa lugha mbili. Saa isemayo imekwisha kusoma kabla yetu. Zile nilizopata kuzishika Moshi zote zilisema Kiingereza, na aliyeambiwa nane na sauti hiyo alipaswa kutoa sita apate mbili. Tena aliyeambiwa tatu ilimbidi kwanza aongeze kumi na mbili, au ajumlishe sita badala ya kutoa, apate tisa.

Msomaji mwenye elimu atasema hesabu hiyo ni ya mtoto. Ni kweli, kwa aliyejifunza Kiingereza shuleni. Viongozi wa wapanda mlima huifanya kila siku bila ya kufikiri. Safari ya mwisho ya kukwea Kibo kwa njia ya Marangu huanza karibu na usiku wa manane, wakati kokoto za mteremko zingali zimeganda kwa baridi, ili watu wafike ukingoni alfajiri. Na kiongozi huwaambia wageni kwamba wataondoka saa kumi na mbili kwa hesabu yao, kisha hugeuka akawaambia wapagazi saa sita. Mwaka 1969 vijana saba wasioona wa Afrika ya Mashariki waliupanda mlima huo kwa mpango wa Royal Commonwealth Society for the Blind, chama kilichoongozwa na John Wilson, ambaye naye hakuwa akiona tangu utoto wake. Mara nyingi habari hiyo husimuliwa kama ajabu ya ushujaa. Mimi huiona pia kama ushahidi wa jambo la kawaida: katika saa zile za usiku, kila apandaye Kibo hufuata nyayo na sauti ya aliye mbele yake.

Tena shida haiko kwa vijana waliosoma. Wengi wapotezao nuru hupoteza uzeeni, kwa mtoto wa jicho ambaye hakuondolewa au kwa presha ya macho, na bibi wa Old Moshi aliyelima kahawa maisha yake yote hakuwahi kuhitaji hesabu ya Kizungu. Presha ya macho hutaka dawa ya matone kwa nyakati zisizobadilika. Ziko zitiwazo mara mbili kutwa, kila baada ya saa kumi na mbili. Daktari husema, Mama, utatia saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Mjukuu humletea saa isemayo kama zawadi. Asubuhi saa husema nane kwa Kiingereza. Bibi aliyefundishwa na wajukuu namba chache za lugha hiyo husikia nane, na saa nane kwake ni baada ya chakula cha mchana. Akiamini sauti, matone yatasogea kwa saa sita. Akiwa na nuru kidogo iliyobaki, hiyo ndiyo anayoihatarisha. Aonaye hasahihishwi na elimu yake tu, husahihishwa na jua. Ndivyo ilivyo pia kwa tikiti za basi za kwenda Dar es Salaam, ambazo huandikwa mara kwa hesabu hii na mara kwa hesabu ile: abiria aonaye akisoma 12:00 na akajua basi huondoka gizani, hana swali.

La kushangaza ni kwamba Moshi ilikuwa na saa isemayo Kiswahili kabla ya Sharp kuuza saa yake ya kwanza. Ilikuwa redio. Matangazo yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na baada ya shirika kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, mtangazaji alikuwa akiwatajia watu wa nchi nzima saa kwa Kiswahili na kwa hesabu ya Kiswahili, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku ikawa nguzo ya usiku katika kila nyumba yenye redio. Mjini Moshi kwenyewe Walutheri walikuwa na studio ya Sauti ya Injili, ambayo vipindi vyake vya Kiswahili vilirushwa kutoka mtambo wa Addis Ababa tangu mwaka 1963 mpaka serikali ya Ethiopia ilipoutwaa mwaka 1977. Na ajabu ni kwamba hata huko Addis Ababa watu huhesabu saa tangu kupambazuka, kama sisi. Kwa hiyo sauti ya Moshi ilisafiri mpaka nchi nyingine yenye saa moja asubuhi, ikarudi hewani Kilimanjaro. Redio haikuhitaji mtu kutoa sita. Lakini nayo, kama kengele, ilisema ilipotaka yenyewe.

Basi mwenye saa ya Kiingereza afanye nini? Iko njia, nami nimeijaribu. Airudishe saa nyuma kwa saa sita kamili. Saa moja asubuhi, badala ya kuiacha iseme saba AM, aiweke iseme moja AM. Adhuhuri itasema sita AM, na jua likichwa itasema kumi na mbili PM. Saa moja usiku itakuwa moja PM, na usiku wa manane sita PM. Atazamaye vizuri ataona kwamba herufi hizo za Kizungu zimegeuka kuwa za Kiswahili safi: AM sasa ni mchana mzima, na PM ni usiku mzima. Kumi na mbili ya Kiingereza, iliyowasumbua hata Waingereza, imekaa mahali pake penye mapambazuko na machweo. Inabaki kasoro ya tarehe. Saa iliyogeuzwa hivyo hubadili siku alfajiri, ilhali kalenda ya serikali hubadili usiku wa manane. Na Waswahili wa kale, kama Edward Steere alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1870, walianza siku magharibi, na ndiyo maana wazee wa pwani husema usiku wa Jumatatu wakiwa na maana ya usiku uitanguliao Jumatatu. Kati ya mianzo hii mitatu ya siku, ule wa alfajiri si mbaya kwa mkulima.

Simu za mkononi zisomazo kwa sauti, ambazo zimeenea tangu miaka ya 2010, zimepunguza haja ya saa ya pekee, lakini hazikuondoa tatizo. Sauti ya simu husoma kilichoandikwa; kioo kikiwa kimeandika 7:00, hata ikisoma kwa Kiswahili itatamka saba. Simu tena haikubali kurudishwa nyuma bila ya kuvuruga mambo mengine, isipokuwa mtu akiidanganya kwamba yuko Brazili. Saa za São Paulo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa sita, na tangu Brazili ilipoacha kubadili saa zake kwa majira mwaka 2019 tofauti hiyo haigeuki. Mtu wa Kibosho aweza kuishi kwa Kiswahili safi kwa kuiambia simu yake kwamba anakaa Amerika ya Kusini.

Ingekuwa bora kutengeneza saa isemayo Kiswahili, na kwa upande wa lugha kazi hiyo ni nyepesi kuliko idhaniwavyo. Nimehesabu maneno yatakiwayo. Kuna moja mpaka kumi. Kuna ishirini, thelathini, arobaini na hamsini. Kuna saa, dakika, na, kamili. Kuna robo, nusu na kasorobo. Kisha alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Jumla ni maneno 26. Kwa hesabu za dakika peke yake Kiingereza chahitaji maneno 23, pale ambapo sisi tunatumia 14 na kiunganishi kimoja, kwa sababu namba zetu za kumi na moja mpaka kumi na tisa hujengwa kwa zile zilizokwisha kuwapo. Sarufi nayo imetusaidia bila ya kuombwa. Saa na dakika zote zimo katika ngeli isiyobadili umbo la namba: saa mbili, dakika mbili. Kama wakati ungepimwa kwa neno la ngeli ya kitabu, fundi angelazimika kurekodi viwili, vitatu, vinne, vitano na vinane.

Ugumu uko katika yale maneno matano ya mwisho. Saa kumi baada ya usiku wa manane ni saa kumi usiku au saa kumi alfajiri? Niliwapa wanafunzi wangu swali la saa moja baada ya jua kuchwa. Waliotoka pwani walisema saa moja usiku, karibu wote. Waliotoka bara waligawanyika, na baadhi ya waliotoka Moshi walishikilia saa moja jioni, wakisema usiku haujaingia mpaka watu wamekwisha kula. Jua la Moshi huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, na huchwa karibu na saa kumi na mbili na nusu vilevile, kwa kuwa saa za Afrika ya Mashariki ziko mbele ya jua la mji huo kwa nusu saa. Kwa hiyo saa moja ya jioni huko hukuta mwanga mdogo ungali magharibi. Mwanafunzi mmoja asiyeona, aliyekuwa darasani, alisema yeye huanza kuita usiku anaposikia vyura.